Safari ya meli na nchi kavu Alaska: msimu upi unawafaa wazazi wenye umri mkubwa?

#1 – Mwanzisha uzi, Houston

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu nawasalimu. Naomba ushauri wa watu waliokwishafika Alaska, au wanaoishi huko, kwa sababu mwakani nataka kuwapeleka wazazi wangu katika safari ya wiki mbili, nusu yake melini na nusu nchi kavu.

Wazazi wangu wanaishi Marangu. Baba ana miaka 71, ni mwalimu mstaafu aliyeutazama Kilimanjaro kila asubuhi ya maisha yake, na tangu aliposoma kwamba mlima Denali una mita 6,190 dhidi ya 5,895 za mlima wetu, hana hamu nyingine isipokuwa kuuona kwa macho yake. Mama ana miaka 66, magoti yanamsumbua, anaogopa baridi, na anachotaka ni kuwaona nyangumi akiwa ameketi. Meli zinaonekana kusafiri kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Septemba, na wakala wa safari niliyempigia alinijibu tu kwamba msimu wote ni mzuri. Jibu hilo halikunitosheleza, kwani fedha nilizoziweka ni za miaka mitatu na wazazi hawatarudi tena huku. Ningependa kujua miezi hiyo inatofautiana vipi hasa.

#2 – Mchangiaji, Anchorage

Marahaba mwanangu, na wazazi wako wafikishie salamu zangu. Mimi ni mtu wa Bagamoyo ninayeishi Anchorage, huu ni mwaka wa kumi na moja, na kwa misimu minne nilikuwa dereva wa mabasi ya watalii kati ya Anchorage, Denali na Fairbanks. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu nimewaona wageni wengi wakishuka melini wakiwa wamekata tamaa, na tatizo lao halikuwa Alaska bali wiki waliyochaguliwa.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba anayenunua safari ya meli na nchi kavu kwa pamoja ananunua hali mbili za hewa zisizofuata kalenda moja. Kusini-mashariki ya Alaska, yaani ile pwani ya visiwa na ghuba nyembamba yenye miji ya Ketchikan, Juneau, Sitka na Skagway, ni nchi ya mvua. Ketchikan peke yake hupata zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dar es Salaam. Hata hivyo mvua hiyo haigawanyiki sawasawa. Miezi yenye ukavu zaidi ni Aprili, Mei na Juni, mawingu huanza kurudi Julai, na ifikapo Septemba mji wa Juneau hupata mvua zaidi ya mara mbili ya ile ya Mei. Bara ya ndani, nyuma ya safu ya milima, mambo ni mengine kabisa. Fairbanks hupata takriban milimita 300 tu kwa mwaka mzima, theluji ikiwemo, lakini sehemu kubwa ya mvua yake hunyesha Julai na Agosti, wakati uleule ambao hoteli zimejaa na bei ziko juu. Tena ardhi ya huko huchelewa kuamka: treni ya Denali Star kati ya Anchorage na Fairbanks huanza katikati ya Mei, mabasi ya kuingia ndani ya hifadhi ya Denali huanza kama tarehe 20 Mei, na vyote hufungwa katikati ya Septemba.

Kwa hiyo usiulize mwezi peke yake, uliza na uelekeo. Sisi wa pwani tulikuwa na elimu hii tangu zamani. Neno msimu tulilipokea kutoka Kiarabu, na kwa mabaharia lilifungamana na upepo: jahazi lilikuja Zanzibar na kaskazi, likarudi Uarabuni na kusi, na nahodha hakuweza kutaja siku njema ya kung'oa nanga kabla ya kusema anaelekea wapi. Alaska iko hivyohivyo. Zipo safari za meli za njia moja kati ya Vancouver, Kanada, na bandari za Whittier au Seward ambazo ndizo mlango wa Anchorage. Ukisafiri mwanzo wa msimu, panda meli kwanza kutoka kusini kwenda kaskazini, ili uipitie pwani katika wiki zake kavu, nawe ufike bara wakati majani yamekwisha kuchipua na barabara zimefunguliwa. Ukisafiri mwisho wa msimu, geuza: anza na bara katika wiki ya mwisho ya Agosti, kisha teremka na meli kuelekea kusini kabla dhoruba za Septemba hazijaichafua Ghuba ya Alaska. Anayefanya kinyume, akaanzia bara katikati ya Mei, hukuta miti ya Denali bado mitupu na theluji njiani. Naye anayepanda meli kwenda kaskazini mwanzoni mwa Septemba hufika Denali siku ambazo wahudumu wa hoteli wanafunga madirisha.

Sasa nizungumzie kila kipindi kwa yale ninayoyajua.

Mei ni mwezi ninaoupenda kuliko watu wengi wanavyoupenda. Milima ya pwani bado ina theluji hadi karibu na maji, maporomoko yanashuka kila upande, bei ni nafuu, na bandarini huna haja ya kusukumana. Kasoro yake ni kwamba vipande vya barafu huwa vingi mbele ya mito ya barafu, yaani barafu kubwa zinazoteremka polepole kutoka milimani, kiasi kwamba nahodha hulazimika kusimama mbali. Mto wa barafu wa Hubbard, ambao una urefu wa zaidi ya kilomita 120 na uso wa takriban kilomita 10 unapokutana na bahari, mwanzo wa msimu mara nyingine huonekana kwa mbali tu kwa sababu hiyo. Nyangumi wenye nundu wanakuwa wameanza kurudi kutoka Hawaii wanakozalia, lakini hawajafika wote.

Juni pwani bado ni kavu kwa kiasi, nyangumi wamekwisha kuwa wengi, na mchana ni mrefu kupita kiasi. Fairbanks tarehe 21 Juni jua hukaa juu karibu saa 22. Sili, wale wanyama wa baharini wanaonyonyesha, huwa na watoto wao wadogo juu ya vipande vya barafu. Ubaya wa Juni ni mbu wa bara, na katika miaka mibaya moshi wa mioto ya misitu, ambao huanza Juni na waweza kuendelea Julai yote. Mwaka 2004 Alaska iliungua zaidi ya ekari milioni 6, na wazee wa Fairbanks bado wanausimulia ule moshi.

Julai na mwanzo wa Agosti ni kilele. Joto la Fairbanks laweza kupita nyuzi 25, samaki aina ya samoni wanapanda mitoni na dubu wanawafuata. Mwenye shauku ya dubu asikubali kwenda Mei, kwani bila samoni dubu wa pwani hutawanyika, na atakuwa na bahati akimwona mmoja kwa mbali ufukweni akila majani.

Mwisho wa Agosti na wiki ya kwanza ya Septemba bara hugeuka rangi. Si miti peke yake; ni ardhi yenyewe, vichaka vifupi vya tundra, inayokuwa nyekundu kama zulia hadi upeo wa macho. Mbu wamekwisha, usiku umerudi, na kuanzia tarehe 21 Agosti hivi watu wa Fairbanks huanza tena kuitazamia mianga ya kaskazini, ile nuru ya rangi inayocheza angani usiku. Na kuna jambo ambalo wakala wengi hawalitaji: ndani ya hifadhi ya Glacier Bay, ambamo huruhusiwa meli kubwa mbili tu kwa siku, kuna ghuba iitwayo Johns Hopkins ambayo meli hizo haziruhusiwi kuingia hadi tarehe 1 Septemba, kwa ajili ya kuwalinda sili na watoto wao. Mwenye kupita hapo Agosti 31 na mwenye kupita Septemba 1 hawaoni kitu kimoja.

Kwa wazazi wako, mwanangu, mimi ningechagua kuondoka Vancouver katika siku za mwisho za Mei au za mwanzo kabisa za Juni, kuelekea kaskazini. Mama atapata bahari iliyotulia zaidi na mvua kidogo. Baba atapata nafasi nzuri zaidi ya mlima wake, na hilo nitalieleza akiuliza mtu.

#3 – Mchangiaji, Toronto

Habari zenu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kwa heshima zote kwa mzee wa Anchorage, naona Julai imepunjwa. Mwaka juzi tulikwenda na watoto watatu katika wiki ya pili ya Julai kwa sababu ndipo shule zinapofungwa, na sitaisahau safari ile maishani. Karibu na Juneau tuliwaona nyangumi saba wakiwinda kwa pamoja: wanawazunguka samaki kwa duara la mapovu, halafu wote wanaibuka kwa mpigo vinywa vikiwa wazi. Mtoto wangu mdogo alilia, si kwa hofu bali kwa namna ambayo hata mimi nilishindwa kuieleza. Kando ya mto wa barafu wa Mendenhall tulimwona dubu mweusi na wanawe wawili wakivua samoni katika kijito, hatua chache kutoka kwenye njia ya mbao tuliyosimama. Mama mwenye kuogopa baridi atakuwa na raha zaidi Julai kuliko Mei.

Nakubali kwamba tulilipa ghali, na Skagway siku ile ilikuwa na watu wengi mno; tulikosa kabisa tiketi za ile treni ya zamani ya White Pass iliyojengwa wakati wa watafuta dhahabu, ambayo hupanda hadi mita 873 ndani ya kilomita 32 tu. Lakini kwa wanyama, sioni mwezi wa kuushinda.

#4 – Mchangiaji, Anchorage

Dada yangu wa Mombasa, sikupingi hata kidogo. Mwenye watoto wa shule hana budi kwenda Julai, na mwenye shauku ya dubu vilevile. Ulichokiona Mendenhall ni kweli na hutokea kila mwaka samoni wekundu wanapopanda. Ninachokitazama mimi ni wasafiri hawa wawili tulionao mbele yetu.

Kuhusu joto, pwani ya kusini-mashariki haina tofauti kubwa kama watu wanavyodhani. Mchana wa Juni mjini Juneau huwa kama nyuzi 17, na wa Julai kama 18. Kinachomtesa mtu wa joto kule ni kulowana na upepo kwa pamoja. Siku ya nyuzi 14 yenye jua mwezi Mei humwacha mama ameketi sitahani na blanketi lake kwa saa mbili, wakati siku ya nyuzi 17 yenye manyunyu humrudisha ndani baada ya dakika kumi. Nimewashuhudia akina mama wengi wa Kiafrika katika hali zote mbili, na ndiyo maana nausisitiza ukavu kuliko joto.

Kuhusu Denali, husemwa kwamba kama thuluthi moja tu ya wageni wa majira ya joto ndio wanaouona mlima wote. Mlima ule ni mkubwa kiasi cha kujitengenezea mawingu yake wenyewe, na baba yako analijua jambo hilo kuliko mimi, kwani nanyi mnao mlima wa namna hiyo. Katika misimu yangu minne, siku nyingi za wazi nilizihesabu mwishoni mwa Mei na nusu ya kwanza ya Juni, kisha tena baadhi ya siku za Septemba. Julai yote mwaka mmoja niliuona mara tano, ilhali nilipita pale karibu kila siku. Lakini usimpeleke baba kwa usiku mmoja halafu ukailaumu Alaska. Mpe usiku tatu katika eneo lile, mmoja Talkeetna upande wa kusini na miwili langoni mwa hifadhi, na umwamshe alfajiri au umwache macho hadi saa nne usiku, kwa sababu mawingu hupungua mwanzo na mwisho wa siku, na mwanga upo.

Jambo moja zaidi kuhusu hifadhi. Barabara yake ina maili 92, yaani kilomita 148, na magari binafsi huishia maili ya 15. Tangu Agosti 2021 mabasi nayo yamekuwa yakiishia karibu na maili ya 43, kwa sababu ardhi ya mahali paitwapo Pretty Rocks iliporomoka pamoja na barabara, na ujenzi wa daraja umekuwa ukiendelea. Kabla ya kulipia, uliza basi lako litafika maili ya ngapi katika wiki yako, wala usikubali kuuziwa picha za ziwa la Wonder, lililoko mwisho wa barabara, ikiwa njia haijafunguliwa.

#5 – Mwanzisha uzi, Houston

Nawashukuru sana, mzee wangu na dada yangu. Nimewasomea wazazi haya yote kwa simu jana usiku. Baba alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba mlima unaojificha ndio mlima wa kweli, na akakubali Juni.

Nina maswali mawili. La kwanza ni la viza, kwa sababu meli inaondokea Kanada nao wana pasipoti za Tanzania. La pili ni la mbu na mwanga. Mama hulala kwa shida hata nyumbani, na nikifikiria siku isiyo na usiku naona kama nitamtesa.

#6 – Mchangiaji, Vancouver

Kuhusu viza nijibu mimi, kwa kuwa tulilipitia hilo na mama mkwe wangu. Wazazi wako watahitaji viza ya Kanada ya kuingilia, hilo halina njia ya mkato, na waombe miezi mingi kabla. Usidhani utaliepuka kwa kupanda meli Seattle. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazikataza meli za bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa bandari ya nchi nyingine, na karibu meli zote kubwa za Alaska zina bendera ya kigeni. Ndiyo maana zile za Seattle husimama Victoria, Kanada, hata kama ni kwa saa chache za jioni. Kampuni za meli hukagua hati hizo kabla ya kumruhusu mtu kupanda.

Na kama wazazi watafikia kwako Houston kwanza, halafu waende Vancouver na kurudi Marekani kupitia meli, hakikisha viza yao ya Marekani inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Mama mkwe wangu alikuwa na viza ya kuingia mara moja, na tuligundua wiki tatu kabla ya safari.

#7 – Mchangiaji, Anchorage

Ahsante ndugu wa Vancouver, hilo la viza lingewaumiza.

Mwanangu, mbu wa Alaska ni wakubwa na ni wengi, lakini hawana malaria, na mtu wa Tanzania akilijua hilo moyo wake hutulia nusu. Kilele chao ni kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Julai, kwa hiyo mkifika bara kati ya tarehe 5 na 12 Juni mtawakuta wanaanza. Vaeni mikono mirefu ya rangi hafifu, jipakeni dawa, na mkae penye upepo. Melini hawapo.

Mwanga ni suala zito zaidi kwa mzee. Hoteli nyingi zina mapazia mazito, lakini yana nyufa, na nyufa hizo saa nane za usiku huingiza mwanga kama wa magharibi. Mama aje na kitambaa cha kufunika macho alichokizoea, akianze nyumbani wiki mbili kabla. Pia mpangieni siku ya kutofanya lolote mara mnaposhuka melini, kwa sababu wengi huchoka siku hiyo, na ratiba zinazouzwa pamoja huwaamsha watu alfajiri kupanda treni. Ukiweza kulipia usiku wa ziada Anchorage, lipa, hata kama itakubidi upunguze kitu kingine.

Kuhusu chumba cha meli, hii ndiyo sehemu ninayokuomba usibanie fedha, kwa sababu ya magoti ya mama. Mchukulie chumba chenye roshani, na kwa kuwa mnaelekea kaskazini, kiwe upande wa kulia wa meli. Mkitoka kwenye visiwa na kuingia Ghuba ya Alaska, nchi na milima yake yote itakuwa upande huo. Kiwe katikati ya meli na si juu sana, maana mtikisiko hupungua hapo.

#8 – Mwanzisha uzi, Houston

Nimelipia amana leo asubuhi. Tunaondoka Vancouver mwishoni mwa Mei kwa usiku saba, tunapita Glacier Bay, tunashuka Whittier, tunalala Anchorage usiku mbili, kisha treni hadi Talkeetna, halafu Denali usiku mbili, na tunamalizia Fairbanks. Chumba ni cha kulia, chenye roshani, sitaha ya nane. Dubu tumewaacha, na mama amesema hana haja nao.

Swali langu la mwisho, mzee wangu, ni la treni. Baba ameniuliza mara mbili akae dirisha la upande gani.

#9 – Mchangiaji, Anchorage

Mkiwa mnakwenda kaskazini, mlima uko kushoto. Kati ya Talkeetna na Hurricane kuna sehemu kadhaa ambapo miti inafunguka, na anga likiwa wazi wahudumu hutangaza. Kwenye bonde la Hurricane Gulch, treni hupita juu ya daraja lenye kimo cha kama mita 90 kutoka kijitoni, basi mama asiangalie chini kama ana kizunguzungu. Mkikosa viti vya kushoto, mwambie baba asihangaike, kwani mlima ukijitokeza behewa zima huhamia upande huo, na mzee wa miaka 71 hapewi nafasi ya nyuma.

Mkifika Anchorage nitafuteni humu jukwaani. Nitawapikia ugali na samoni, tupate kumsikiliza mwalimu.